Aliyekuja Kupokea Kazi

Asubuhi ya kwanza baada ya kuaga kazi, Dada aliingia jikoni akakuta kikombe cha mtoto kimeshaoshwa.

Kilikuwa kimepinduliwa juu ya kitambaa pembeni ya sinki, masikio yake mawili yakielekea dirishani, vile vile ambavyo yeye hukiweka kila siku. Sufuria ya uji ilikuwa imesuguliwa ikang'aa. Kwenye balkoni nguo zilikuwa zimeshaanikwa, na soksi za mtoto zimebanwa mbili mbili kwa upande wa vidole. Mtu aliyeanika soksi namna ile katika nyumba ile alikuwa mmoja tu, naye ndiye aliyesimama pale na usingizi machoni.

"Mama, leo umeamka saa ngapi?" aliuliza, Mama Chiriku alipotoka chumbani akifunga saa yake ya mkononi.

"Sasa hivi. Kwani vipi?"

"Naona umenioshea vyombo."

"Nani, mimi?" Mama Chiriku alicheka kidogo. "Mimi nikiosha vyombo nyumba hii, mvua itanyesha sebuleni. Labda umeosha usingizini, dada."

Siku za nyuma utani huo ungeendelea mpaka mlangoni. Siku hiyo uliishia pale pale. Mama Chiriku alichukua mkoba wake, akambusu mtoto aliyekuwa bado amelala, akashuka ngazi bila kuuliza kama kuna kitu kimepungua jikoni.

Dada alikuwa na jina lake, lakini katika nyumba ile aliitwa Dada, na muuza maziwa alimwita Dada, na mlinzi wa getini pia. Alikuja kulea mtoto ambaye shingo yake ilikuwa haijakaza. Sasa mtoto huyo alikuwa na miaka minne na maneno mengi kupita umri wake, ndiyo maana wakamwita Chiriku. Baba yake alifanya kazi migodini, mbali; alikuja kama mgeni na kuondoka kabla mtoto hajamzoea. Mama yake alikuwa mfamasia katika duka kubwa la dawa, akitoka mapema na kurudi jua limeshazama. Katikati ya kutoka huko na kurudi huko, nyumba ile ya ghorofa ya tatu, yenye korido ndefu na chumba cha mtoto mwisho wake, ilikuwa ya watu wawili tu.

Maneno ya kuaga aliyafanyia mazoezi mbele ya kioo cha bafuni kwa muda mrefu. Kulikuwa na mwanamke mmoja, fundi cherehani, aliyeshona sare za shule katika kibanda nyuma ya soko. Katika siku zake za mapumziko Dada alikuwa akienda kukaa naye, mwanzo kwa kutazama tu, baadaye kwa kukunja pindo, mwishowe kwa kushona kola. Fundi akamwambia, "Mkono unao. Cherehani moja haina mtu. Ukitaka, njoo." Usiku huo Dada hakupata usingizi kwa furaha, kisha kwa huzuni, maana hakuwa na mtu wa kumwamsha akamwambia.

Aliyasema Jumapili magharibi. Mama Chiriku alikuwa kwenye kochi anavua viatu. Taa zilikuwa bado hazijawashwa. Dada alisimama mdomoni mwa korido, mikono nyuma, kama mwanafunzi.

"Mama, nina jambo. Naomba kuacha kazi. Sikimbii, nitakaa mwezi mzima mpaka upate mwingine."

Mama Chiriku alikuwa ameshavua kiatu kimoja. Akabaki na kile kingine mguuni.

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu, mama. Nimepata kazi ya kushona."

"Na mwanangu atalelewa na nani, dada? Huyu hajui kulala bila wewe. Nani?"

Dada alitaka kumfariji. Alitaka yale maneno yapite haraka, taa ziwashwe, maisha yaendelee. Kwa hiyo akasema, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, "Usijali, mama. Yeyote atakayekuja, nitamwelekeza kazi yote, na mtoto nitamwachia kwa moyo mweupe."

"Ehee," ikaitikia sauti nyuma yake, ndani ya korido.

Wote wawili waligeuka. Korido ilikuwa na giza na haikuwa na mtu. Mtoto alikuwa sebuleni, chini ya meza, akimlisha mwanasesere wake karatasi.

"Jirani wa juu," Mama Chiriku alisema. Akavua kile kiatu cha pili, akaenda kulala bila kula.

Basi tangu siku hiyo nyumba ikapoa. Hawakugombana, na ingekuwa afadhali wangegombana. Mama Chiriku akawa na adabu za ofisini: tafadhali dada, asante dada, usiku mwema dada. Mazungumzo ya jikoni, ya kumcheka mteja fulani aliyekunywa dawa ya kupaka, yakaisha. Dada akajiona kama kiti kilichokwisha kuuzwa, kinachosubiri tu mwenyewe aje akichukue. Mchana, Chiriku akilala, alikuwa akikaa sakafuni karibu na kitanda cha mtoto akisikiliza ile pumzi ndogo, kwa sababu ilikuwa sauti pekee ndani ya nyumba.

Ilikuwa sauti pekee kwa siku chache. Kisha ikaja ya pili.

Ilianza kwa kandambili. Dada alikuwa balkoni anaanua nguo, akasikia kandambili zikipita koridoni, papa, papa, ile ya kushoto ikiburuza kidogo. Mwendo ule ulikuwa wake. Aliumia kifundo cha mguu utotoni, na kandambili yake ya kushoto huburuza. Akatazama miguu yake. Kandambili zake alikuwa amezivaa.

"Chiriku?"

Kandambili zikasimama. Hazikukimbia kama mtoto aliyefumaniwa. Zilisimama kwa utulivu, kama mtu anayengoja aambiwe la kufanya.

Baadaye akikunja nguo kitandani, alisikia kitambaa kikikung'utwa nyuma yake mara tu baada ya yeye kukung'uta. Akikoroga uji, kijiko kiligonga sufuria, kisha kikagonga tena, mahali ambapo hapakuwa na kijiko. Na harufu ikaja, harufu ya kisima kilichofunikwa miaka mingi, baridi na tope, ikisimama karibu na bega lake kila alipokuwa akifanya kazi, na alipokaa kupumzika ikasogea mbali naye, kwa heshima. Kazi zikaanza kuwahi kufanyika. Alienda kutandika akakuta pametandikwa. Alienda kumenya ndizi akakuta imemenywa na kukatwa vipande vidogo, kama anavyokata yeye ili mtoto asipaliwe.

Siku moja alikuwa akimvisha Chiriku viatu, mtoto akamshika shavu.

"Dada, mbona siku hizi mko wawili?"

"Wawili na nani, mpenzi?"

"Wewe na yule wa pili." Chiriku alipunguza sauti, ingawa hajawahi kujua kupunguza sauti maishani mwake. "Ananiuliza maswali. Ananiuliza napenda maji ya vuguvugu au ya moto. Ananiuliza nikilia unafanyaje."

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia asubiri wewe umfundishe. Si ulisema utamfundisha?"

Dada alifunga kamba za viatu vile akafungua akafunga tena.

Jioni alimngoja Mama Chiriku mlangoni, hakungoja hata aweke mkoba chini. "Mama, kuna kitu humu ndani," alinong'ona. "Kinaniiga. Mtoto anakiona."

Mama Chiriku alimtazama kwa macho yaliyochoka. Nyumba ilikuwa inang'aa nyuma ya Dada. Haijawahi kuwa safi vile.

"Dada, kama unataka kuondoka kabla ya mwezi, niambie tu. Usimtie mtoto hofu."

"Mama, naapa..."

"Umekaa na sisi kwa wema. Tuagane kwa wema."

Akapita. Dada alibaki amesimama pale mlangoni, na jambo lililomuuma zaidi ya hofu ni kwamba katika nyumba ile, kati ya wote, kilichokuwa kikimsikiliza kila neno, kikimtazama kila mkono unavyokwenda, kilikuwa ni kile tu.

Mambo yalifika ukomo alasiri moja ya jua kali. Alikuwa amemlaza Chiriku, amehakikisha amelala, akaenda balkoni kuanua mashuka kabla hayajakauka yakawa kama mbao. Hapo ndipo aliposikia maji. Maji yalikuwa yakimwagwa kwa kopo ndani ya bafu, polepole, na mtoto alikuwa akicheka, na mtu alikuwa akiimba ule wimbo wa sabuni, wimbo wa kipuuzi ambao Dada mwenyewe aliutunga akiosha masikio ya Chiriku na ambao hajawahi kumwimbia mtu mwingine yeyote, na sauti iliyouimba ilikuwa yake, ikipanda pale anapopanda na kukatika pale pumzi yake inapokatika. Aliangusha mashuka akatembea koridoni akiwa ameushika ukuta, na kila alivyosogea ile harufu ya kisima ilizidi mpaka akahisi ulimi wake una ladha ya tope, na mlango wa bafu ulikuwa wazi, na ndani yake mwanamke amepiga magoti mbele ya beseni, amempa mgongo, amevaa gauni la bluu lililopauka ambalo Dada alikuwa amelivaa muda huo huo, nywele zimesukwa kama zake, kiwiko kikienda na kurudi kama chake, ila mgongo ule ulikuwa haupandi wala haushuki, kwa sababu aliyeimba alikuwa havuti pumzi.

"Chiriku," Dada aliita. Sauti ilitoka kama uzi.

Mwanamke aligeuka. Uso ulikuwepo, lakini ulikuwa haujaisha. Mdomo ulikuwa wa Dada, na kidevu, na lile kovu dogo chini ya sikio. Ila juu ya pua palikuwa laini tupu, kama donge lililokandwa likasahauliwa, kana kwamba katika kujifunza kote kule hakijapata nafasi ya kumtazama machoni.

"Pole dada, nimekutangulia," kilisema kwa adabu. "Mengine yote nimeyashika. Bado hujanionyesha kumlaza tu; ukikaa naye kitandani huwa nasogea mbali."

Hakujua alimnyakua vipi mtoto. Alijikuta kwenye ngazi, miguu mitupu, Chiriku amefungwa taulo na povu masikioni, akilia kwamba dada wa pili hajamaliza kumsuuza. Simu yake ilibaki jikoni. Hakurudi. Alikatiza barabara mbili jua likimchoma nyayo, watu wakimwachia njia, mpaka akaingia duka la dawa.

Mama Chiriku alikuwa nyuma ya kaunta na simu sikioni, akiandika bei kwenye boksi.

"Ndiyo dada," alikuwa akisema. "Mwoshe tu, lakini asichezee maji sana, ana mafua... Asante kwa kunijulisha. Eti nini? Hapana, mimi nitachelewa kidogo..."

Akainua macho. Akamwona Dada, akamwona mtoto wake ndani ya taulo, maji yakichuruzika sakafuni.

Kalamu iliacha kuandika. Duka lilikuwa kimya, mteja mmoja tu pembeni akisoma chupa ya dawa ya kikohozi, na ndani ya ule ukimya sauti ya Dada ikasikika kutoka kwenye simu, wazi kabisa: "Mama, mbona umenyamaza?"

Mama Chiriku aliitazama midomo ya Dada. Haikuwa imesogea.

"Usihangaike, mama," simu ikaendelea. "Dada amechoka. Mimi sichoki."

"Huyo ndiye wa pili," Chiriku alimweleza mama yake.

Mama Chiriku aliiweka simu chini kama mtu anayeweka kisu, akazunguka kaunta, akamchukua mwanawe. Kisha akamshika Dada mkono, akaushikilia. "Nisamehe," alisema. "Uliniambia, nikakuona mwongo."

Kwa kuwa hawakuwa na pa kwenda, Dada aliwapeleka kwa fundi. Fundi alizima cherehani, akawasikiliza mpaka mwisho, akatia mkasi mfukoni. "Hili si langu wala lenu," alisema. "Twendeni kwa mama mkubwa."

Mama mkubwa wa fundi alikuwa mkunga mstaafu, watu wakimwita Bibi Mkunga. Mwanamke mnene mwenye magoti mabovu na ulimi mzima. Aliwahi kuzalisha nusu ya mtaa ule, na alikuwa na elimu nyingine ambayo hakuitangaza. Walimkuta amekaa kibarazani, miguu ndani ya ndoo ya maji ya chumvi. Hakutoa hirizi wala kuchoma kitu. Alimtazama Dada akamuuliza swali moja.

"Ulipoaga kazi, ulisema nini? Usiniambie ulichokusudia. Niambie ulichosema."

Dada akayarudia maneno yake. Alipofika kwenye "yeyote atakayekuja", Bibi Mkunga alitoa miguu ndani ya ndoo.

"Ndiyo hapo. Kuna viumbe havina kwao, mwanangu. Majini ya kwenye visima vilivyofukiwa, ya nyumba zilizobomolewa. Vinazunguka, vinapita koridoni mwa watu magharibi, vinasikiliza. Umesema yeyote. Na chenyewe ni yeyote. Hakikuvunja mlango, kimeajiriwa."

"Kinataka nini kwa mwanangu?" Mama Chiriku aliuliza.

"Kumlea," alisema Bibi Mkunga. "Ila hakijui mtoto ni kitu kinachokua na kuondoka. Kikikabidhiwa kazi ya mwisho, kitamlaza, na hakitamwamsha."

Mama Chiriku alimkumbatia mtoto mpaka mtoto akalalamika.

"Dawa?"

"Ni mbili. Ya kwanza, huyu afute kauli. Aseme haachi kazi. Kitangoja, lakini kitangoja kwa mbali, na yeye asiondoke tena nyumba ile mpaka mtoto awe mtu mzima."

Mama Chiriku alimgeukia Dada, macho yamejaa machozi. "Baki," alisema. "Dada, nakuomba. Baki tu."

Dada aliutazama mkasi uliochungulia mfukoni mwa fundi. Aliiona ile cherehani isiyo na mtu, na dirisha lake linaloangalia njia wanapopita watu wakisalimiana. Kisha akamtazama Chiriku na povu lililokaukia sikioni.

"Nitabaki," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo hivi kwamba fundi akageuza uso pembeni.

Mama Chiriku ndiye aliyeisikia vizuri. Pengine alisikia ndani yake kitu alichokuwa hajakisikia miaka yote ile ya asante dada na usiku mwema dada.

"Hapana," alisema taratibu. "Sikustahili kukuomba hilo. Bibi, ya pili ni ipi?"

"Ya pili, kazi apokee mwenye haki nayo kuliko chenyewe. Apokee yote, mbele yake, kisikie na kione."

"Basi nitapokea mimi. Mimi ndiye mama yake."

"Unajua kumwogesha?"

Mama Chiriku alitikisa kichwa. "Nitafundishwa," alisema.

Walifika nyumbani jua likiwa bado juu ya mapaa. Fundi alimsaidia Bibi Mkunga ngazi baada ya ngazi, bibi akiwalaani wajenzi wa maghorofa mmoja mmoja. Mlango ulikuwa wazi. Ndani taa zote zilikuwa zimewashwa, mashuka yaliyoangushwa balkoni yalikuwa yamekunjwa, na mezani vikombe vimepangwa vya kutosha kila mtu aliyeingia, pamoja na wale wawili ambao hawakuwa wakitarajiwa. Harufu ya kisima ilikuwa nzito kiasi kwamba Chiriku alijiziba pua.

Bibi Mkunga aliomba kiti, akakaa mlangoni. "Anza," alimwambia Dada. "Usiruke kitu. Na usitazame nyuma."

Dada akaanza. Alimwonyesha Mama Chiriku kupima maji kwa kiwiko, na nyuma yao maji yakatikisika ndani ya beseni ambalo hakuna aliyeligusa, akamwonyesha namna ya kumshika mtoto kichwa sabuni isiingie machoni, na mikono ya mama ilikosea na kuanza tena, na kila alipokosea ubaridi ulisogea karibu, ukiwa tayari kumwonyesha mama mtu kazi ya mwanawe, wakaimba wimbo wa sabuni, mama akiusikia kwa mara ya kwanza na kuyashika maneno kama mtu anayeokota shanga gizani, na sauti ya tatu ikaimba pamoja nao bila kukosea hata neno, wakatoka bafuni, wakapita koridoni, Dada, mama na mtoto mikononi, na nyuma yao kandambili, papa, papa, ile ya kushoto ikiburuza, karibu hivi kwamba Dada alihisi kisigino chake kikikanyagwa, na mlangoni Bibi Mkunga akisema tu, "Endelea. Endelea, mwanangu," mpaka wakafika chumbani, wakampaka mafuta, wakamvisha, na likabaki lile moja ambalo chenyewe kilikuwa hakijafundishwa.

Dada hakusema kitu. Alimshika Mama Chiriku mkono, akauweka mgongoni mwa mtoto, kati ya mabega, akaufunika kwa mkono wake mwenyewe, na kwa vidole vilivyofichwa hivyo akamwonyesha ule mguso, mdogo, wa polepole. Macho ya Chiriku yakaanza kuwa mazito.

"Dada," ilisema sauti nyuma yake, sauti yake mwenyewe. "Sijaona. Sogea nione."

Dada aliinua mkono wake, ukabaki wa mama peke yake.

"Mtoto huyu ninamwachia mama yake aliyemzaa," alisema. "Yeye, na si mwingine yeyote."

Taa ilififia. Kisha sauti ile ikavunjika, na kilichotisha ni kwamba haikuvunjika kwa hasira.

"Nimeosha," kilisema. "Nimekunja. Nimejifunza kila kitu, dada. Sikumpiga, sikumkaripia. Nitakwenda wapi?"

Machozi yalimtoka Dada. Mdomo wake ulifunguka wenyewe.

"Usikijibu!" Bibi Mkunga alifoka kutoka mlangoni.

Akauuma ulimi. Kandambili ziligeuka. Zilikwenda koridoni bila haraka, zikasimama jikoni kidogo, maji ya bomba yakasikika kama mtu anasuuza mikono baada ya kazi, kisha zikampita Bibi Mkunga, ambaye alivuta miguu yake ndani ili zipite, zikashuka ngazi moja moja mpaka hazikusikika tena. Chiriku alikuwa amelala chini ya mkono wa mama yake.

Dada alimaliza mwezi wake. Mama Chiriku aliomba zamu fupi kazini, akawa anaunguza uji na kuanika soksi ovyo, na walicheka tena jikoni kama zamani. Siku ya kuondoka, Chiriku alilia mpaka ngazi za kwanza, kisha mama yake akamwimbia, akanyamaza. Dada alisikia anavyonyamaza. Alifurahi kwa ajili yake, na alishuka zile ngazi nyingine akiwa ameushika ukuta.

Alipanga chumba kimoja nyuma ya kibanda cha fundi. Kazi ilikuwa nzuri. Mchana kulikuwa na gumzo na vumbi la vitambaa na wateja wenye haraka. Lakini fundi alikuwa na mume na watoto, akifunga duka alikimbia kwao, na Dada alibaki na zile kuta nne. Hakukuwa na mtu wa kukohoa, wala wa kuomba maji. Alipika chakula kingi mno kwa sababu mkono wake ulikuwa haujazoea kupimia mtu mmoja. Majirani walikuwa watu wa kusalimia na kufunga mlango. Siku nyingine alifika kitandani akagundua kwamba tangu afunge cherehani hajatamka neno.

Jioni moja mvua ilikuwa inanyesha. Alikuwa amekaa kitandani na sahani mapajani, chakula kimepoa, akitazama maji yakiteleza dirishani. Aliisikia ile harufu kabla ya kitu kingine chochote, ikipita chini ya mlango, baridi, ya tope na ya mbali. Akaweka sahani chini. Nje ya mlango kulikuwa na mtu amesimama mvuani, na alisimama muda mrefu, kama asiye na uhakika na nyumba.

"Hodi," ilisema sauti.

Haikuwa sauti ya Dada tena. Ilikuwa sauti ya kitu ambacho kilikuwa kimesahau yote kiliyofundishwa, nyembamba, imelowa. Komeo la mlango lilikuwa limefungwa. Dada alijua kwamba komeo halina maana yoyote, na alijua pia kwamba chenyewe hakiwezi kupita bila neno moja kutoka kwake. Ingemtosha kukaa kimya. Kingengoja, kingechoka, kingekwenda zake mvuani.

"Hodi," ilisema tena, chini zaidi.

Tangu ahamie chumba kile, hakuna mtu aliyewahi kupiga hodi mlangoni kwake. Dada alikaa akausikiliza moyo wake. Kisha akainuka, akatafuta sahani nyingine, akaiweka mezani.

"Karibu," akasema.